Nambie Lavuja Wapi

Karani wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wa wavuvi, ndiye aliyeona kwanza. Kila jioni huandika uzito wa samaki kwenye daftari lake la karatasi, fungu kwa fungu, kisha hupiga jumla kwa kikokotoo. Pembeni yake kuna kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, ambayo vijana wangu wa darasa la programu waliiandikia kazi hiyo hiyo: kupokea uzito kutoka kwenye mizani, kujumlisha, na kuweka kumbukumbu. Wiki ya tatu akanipigia simu. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, hii mashine yenu inakula samaki."

Kilo 4 siku moja, kilo 9 siku nyingine, halafu siku mbili mfululizo hakuna kilichopungua. Kwa mtu aliyekaa ofisini kilo 9 ni kitu kidogo. Kwa mvuvi aliyekesha baharini ni mafuta ya mashine ya safari ya kesho.

Nauleta mjadala huu Lamu kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu hitilafu za kompaila hufanywa zaidi na wale wanaoziunda kompaila zenyewe, na sisi tunaozipokea zikiwa tayari tumejizoesha kunyamaza. Programu ikitenda ajabu tunaugeuza mstari, tunajaribu tena, na ikikubali tunasema alhamdulillahi na kuendelea na safari. Kosa linabaki pale pale likimsubiri mwingine. Naamini kunyamaza huku kunatugharimu kuliko tunavyodhani, na gharama yenyewe inatuangukia sisi wa pembezoni kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kompaila huchukua msimbo, yaani maandishi ya programu, alioandika mtu na kuugeuza kuwa maagizo ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Haifanyi hivyo neno kwa neno. Hupanga mistari upya, hufuta inayoiona haina kazi, huunganisha hesabu ndogo ndogo kuwa moja, ili programu iende kasi. Hitilafu zake nyingi zilizo mbaya huzaliwa kwenye kazi hiyo ya uboreshaji. Na huko huko ndiko makosa yetu wenyewe yanakofichuka, ndiyo maana ni vigumu kujua wa kulaumiwa ni nani.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya darasa nikasema kompaila imeharibika. Programu ilikuwa sawa uboreshaji ukizimwa, ikitoa namba zisizo na maana ukiwashwa. Nilikesha nayo. Asubuhi msichana mmoja wa darasa akaniuliza, kwa adabu, jumla ile inaanza na ngapi. Haikuanza na chochote; sikuwa nimeiwekea sifuri. Uboreshaji ulipozimwa, sehemu ile ya kumbukumbu ilikutwa na sifuri kwa bahati tu. Tangu siku hiyo sheria ya darasa letu ni kwamba mtuhumiwa wa kwanza ni msimbo wetu.

Mpaka kati ya kosa la mwandishi na kosa la kompaila si mstari ulionyooka. Mwaka 2009, ndani ya mfumo endeshi wa Linux, sehemu moja ya mtandao ilisoma data kupitia kielekezi, yaani anwani ya mahali data ilipo, na mstari uliofuata ndio uliouliza kama kielekezi kile ni kitupu, hakielekezi popote. Kompaila ya GCC ikafanya hesabu yake: kanuni za lugha ya C haziruhusu kutumia kielekezi kitupu, hiki kimeshatumika, basi si kitupu, na swali halina haja. Ikalifuta. Ulinzi uliokuwamo kwenye msimbo haukuwamo tena kwenye programu iliyoendeshwa, na mshambuliaji akapata pa kupenya. Kwa kanuni, kompaila haikukosea hata herufi moja. Watunzaji wa Linux wakarekebisha mpangilio wa mistari ile, na juu yake wakaiagiza kompaila isifute tena maswali ya namna hiyo.

Nimeisoma hoja ya wanaoitetea GCC katika mambo kama hayo na ninaikubali kisheria. Lakini mwandishi aliyeandika swali la usalama kwa mkono wake, likafutwa bila onyo hata moja, hakutendewa haki. Kanuni ya lugha ni mkataba, na mkataba unaovunjwa kimya kimya upande mmoja haupaswi kuadhibiwa kimya kimya upande wa pili.

Hata hivyo zipo hitilafu zisizo na ubishi, na ni nyingi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Xuejun Yang, Yang Chen, Eric Eide na John Regehr, walichapisha matokeo ya kazi ya miaka 3 waliyoifanya kwa chombo walichokiita Csmith. Csmith hutunga programu za C za kubahatisha lakini zisizovunja kanuni za lugha, huzipitisha kwenye kompaila mbalimbali, kisha hulinganisha majibu. Yakitofautiana, kuna kompaila imekosea. Waliripoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zikijulikana, na kila kompaila waliyoipima iliwahi kuanguka na iliwahi kutoa maagizo yasiyo sahihi bila kusema neno. Nafuu pekee waliiona kwa CompCert, kompaila iliyoanzishwa na Xavier Leroy huko Ufaransa, ambayo sehemu yake kubwa imethibitishwa kwa uthibitisho wa kihisabati unaokaguliwa na kompyuta. Katika sehemu hiyo iliyothibitishwa, hitilafu za aina walizozipata kwa wengine hawakuziona.

Miaka 3 baadaye Vu Le, Mehrdad Afshari na Zhendong Su walikuja na njia nyepesi zaidi, na napenda kuwasimulia wanafunzi kwa sababu inaeleweka hata kwa asiyejua kuandika msimbo. Chukua programu ya kweli. Iendeshe na uandike ni mistari ipi haikuguswa. Futa baadhi ya mistari hiyo, jenga upya, yaani ipitishe tena kwenye kompaila, endesha kwa data ile ile. Jibu haliwezi kubadilika, kwa kuwa kilichofutwa hakikuwa kinatumika. Likibadilika, umeikamata kompaila. Walithibitishiwa hitilafu 147 za GCC na za LLVM, msingi unaobeba kompaila za lugha nyingi.

Kwa hiyo kijana anayesema "labda ni kompaila" hasemi upuuzi. Tatizo ni kwamba hiyo si ripoti.

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Nahodha akimjia na malalamiko kwamba chombo kinaingia maji, ami hakuinuka. Alisema: "Usinambie jahazi lavuja, mwanangu, kuvuja nitakuona kwa mato yangu. Nambie lavuja wapi, na lavuja likiwa limetulia ama likiwa lenda." Chombo kikipandishwa ufukoni maji yakikupwa, yale yaliyobaki ndani hutafuta pa kutokea, na ami alizunguka na kipande cha mkaa akitia alama kila mahali palipodondoka tone. Alama zikishapatikana, kazi ya kalafati ilikuwa ya mchana mmoja. Kuzitafuta ndiko kulikokula siku.

Kompaila ni hivyo hivyo, na sitii chumvi. Mtunzaji wa kompaila akipata mistari 10 inayoonyesha kosa, akajua ni toleo gani, prosesa gani, na uboreshaji wa daraja gani ulioagizwa, mara nyingi atakwenda moja kwa moja kwenye sehemu husika. Akipata programu ya mistari 5,000 na maneno "haifanyi kazi", hawezi kuanza hata akitaka. Watunzaji wa GCC huomba hayo waziwazi, pamoja na faili moja la msimbo lililokwisha kuvutiwa ndani yake kila kitu linachotegemea, ili kosa liweze kurudiwa kwenye mashine yao. Pia humwomba mtu awashe maonyo yote na ajaribu machaguo machache yanayolegeza uboreshaji kabla hajaandika. Kosa likitoweka kwa machaguo hayo, kuna uwezekano mkubwa limetoka kwenye msimbo wake.

Kuipunguza programu hadi ibaki mistari michache ni ufundi wenye historia yake. Andreas Zeller wa Ujerumani aliupa mpangilio wa kisayansi mwishoni mwa miaka ya 1990: kata nusu, angalia kama kosa lipo, kama halipo rudisha na ukate nusu nyingine, endelea mpaka hakuna kinachoweza kuondoka. Mwaka 2012 Regehr na wenzake wakatoa C-Reduce, chombo kinachofanya ukataji huo chenyewe kwa msimbo wa C. Lakini ninachotaka vijana wa hapa wakijue ni kwamba kazi hii haihitaji bando. Unaweza kuifanya usiku umeme ukiwapo na mtandao ukiwa hakuna, kwa faili moja na kompaila iliyokwisha kuwekwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu njia nyingine inayosifiwa, ile ya kutafuta ni badiliko lipi kwenye historia ya kompaila lililoleta kosa, si ya kila mtu. Kwa nadharia ni nzuri mno: mabadiliko 1,000 hugawanywa nusu kwa nusu, na baada ya majaribio kama 10 aliyeleta kosa anajulikana. Kwa vitendo, ni lazima ushushe historia nzima na ujenge kompaila mara 10. Kwenye kompyuta ya kiganjani, ujenzi mmoja unaweza kula siku nzima. Mtunzaji anayemwambia kijana wa Lamu "tafuta badiliko lenyewe kwanza" anaomba fedha ya bando na mashine asiyokuwa nayo. Aliye na seva yenye nguvu na afanye sehemu hiyo. Aliye na subira na kosa lenyewe mkononi na alete mfano mdogo. Ndivyo kazi inavyopaswa kugawanywa.

Sasa kuhusu pembezoni. Mradi wa Rust, lugha ya programu yenye kompaila yake, hupanga aina za mashine kwa madaraja 3. Za daraja la kwanza huhakikishiwa kufanya kazi: majaribio yote huendeshwa juu yake kabla badiliko halijapokewa. Za daraja la pili huhakikishiwa kujengeka tu. Za tatu hazina hakikisho. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM ya biti 32 inayoendesha Linux, kama ile iliyopo mezani kwa karani, imo daraja la pili. Simlaumu mtu, rasilimali zina kikomo, na mradi unaosema wazi unachohakikisha na usichohakikisha umefanya uungwana. Ila tazama maana yake kwetu. Mashine nafuu, zile tunazoweza kuzinunua au kupewa, ndizo zisizokaguliwa kikamilifu. Rust pia ina chombo kiitwacho Crater, ambacho kabla ya mabadiliko mazito hujenga maelfu ya vifurushi vya msimbo vilivyowekwa hadharani ili kuona kipi kitavunjika. Ni mfano ambao natamani kila lugha iufuate. Programu ya kupima samaki wa Lamu haimo humo. Ikivunjika, wa kwanza kujua ni karani, na kama karani hana wa kumwambia, basi hakuna atakayejua.

Wenye kompyuta kuukuu wanaifahamu hadithi nyingine. Ripoti namba 323 ya GCC iliandikwa mwaka 2000, na kwa miaka mingi watu waliendelea kuripoti jambo lile lile wakidhani ni jipya: namba moja ikilinganishwa na nafsi yake inaonekana si sawa. Chanzo kilikuwa sehemu ya hesabu ya prosesa za zamani za Intel, ambayo hushika namba za desimali kwa biti 80 ndani yake, hali kwenye kumbukumbu huhifadhiwa biti 64. Namba ikitoka kwenye prosesa kwenda kwenye kumbukumbu hukatwa mkia. Mwaka 2010 GCC 4.5 ikaleta chaguo la kufuata kanuni ya C barabara. Wenye prosesa mpya walikuwa wameshahama zamani kwenda kwenye njia nyingine ya hesabu, na tatizo likawa limewabakia zaidi wale wenye mashine za urithi.

Lipo jambo la mwaka 2021 ambalo kwangu linaonyesha uadilifu wa kazi hii kuliko jingine lolote. Kompaila ya Rust ina njia ya kuokoa muda: hukumbuka matokeo ya ujenzi uliopita na kujenga upya kilichobadilika tu. Toleo 1.52.0 lilipotoka Mei 6, liliwashiwa ukaguzi wa ziada kwa watumiaji wote, wa kuhakiki kwamba kumbukumbu hiyo haijachanganyikiwa. Mara watu wengi wakaanza kuona kompaila ikianguka. Kuanguka kule hakukuwa hitilafu mpya. Hitilafu zilikuwamo tangu zamani, zikiwa kimya, na ukaguzi ndio uliozitoa mafichoni. Zipo njia rahisi walizoweza kuzifuata: kuuzima ukaguzi, malalamiko yaishe. Badala yake, siku 4 baadaye walitoa 1.52.1 na kuzima ile njia ya kuokoa muda yenyewe. Kila mtu akarudi kusubiri ujenzi mrefu. Mwishoni mwa Julai, baada ya matengenezo, 1.54 ikairudisha.

Kompaila ikianguka inakukera, lakini imekwambia ukweli. Ikikupa programu inayoonekana nzima huku ikipunguza kilo, itakuharibia jina kwa wavuvi kabla hujajua. Walichagua kukera watu wote kuliko kumdanganya mmoja, na nawaheshimu kwa hilo.

Sitaki nionekane nawapamba watunzaji. Ipo tabia katika miradi mingi ya kufunga ripoti kwa sababu imekaa muda mrefu bila kuguswa, mara nyingine kwa mashine inayopita na kufunga. Hiyo naipinga moja kwa moja. Hitilafu haifi kwa uzee. Aliyetumia siku 3 kupunguza mfano wake hadi mistari 10, kisha akaambiwa imefungwa kwa ukimya, hataandika ya pili, na pengine yeye ndiye pekee mwenye mashine ya aina ile.

Tofauti na hilo ni ripoti inayochelewa kwa sababu tatizo ni zito kweli. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba programu ya Rust yenye kitanzi (mistari inayojirudia) kisicho na mwisho na kisichofanya lolote ndani yake inaweza kufutiwa kitanzi hicho, ikaendelea mbele kwenye mistari ambayo haikupaswa kufikiwa kamwe. Kosa halikuwa la Rust peke yake. Rust hutegemea LLVM kutengeneza maagizo ya mwisho, na LLVM ilikuwa ikidhani kwamba kila kitanzi lazima kisonge mbele, dhana inayokubalika katika C++ lakini isiyokuwamo katika Rust. Kulirekebisha kulimaanisha kugusa msingi unaobeba lugha nyingi. Hatimaye LLVM 12, mwaka 2021, ikaacha kudhani na kuanza kungoja kuambiwa na lugha husika. Miaka 6 karibu. Ripoti ilibaki wazi muda wote, na ndiyo iliyowakumbusha.

Kikwazo ambacho vijana hunitajia kwanza ni Kiingereza. Wanaogopa kuchekwa. Nawaambia kwamba sentensi 3 zinatosha: nimetarajia hiki, nimepata hiki, kwa toleo hili kwenye mashine hii. Kinachobaki kinasemwa na msimbo, na msimbo unarudia kosa mbele ya macho ya msomaji awe Helsinki au Bangalore.

Turudi kwa karani. Kijana mmoja wa darasa aliazima daftari lake na kuandika, mbele ya kila siku, idadi ya mafungu yaliyopimwa na kilo zilizopungua. Siku za mafungu 24, 28 na 32 hazikupungua kitu. Siku ya mafungu 25 lilikosekana fungu la mwisho. Siku ya mafungu 27 yalikosekana 3. Prosesa ile inaweza kujumlisha namba 4 kwa mpigo, na uboreshaji ukiwashwa kompaila huyagawa mafungu kwa vinne vinne, kisha hupaswa kuongeza mabaki. Mabaki ilikuwa inayasahau. Majaribio yetu wenyewe tulikuwa tumeyafanya kwa mafungu 8.

Kabla ya kuandika popote tulifuata sheria yetu. Maonyo yote tukayawasha, kila namba tukaihakikisha imewekwa, mipaka ya orodha tukaikagua mara mbili, na msichana yule yule aliyeuliza kuhusu sifuri akapewa msimbo bila kuambiwa lolote aseme alichokiona. Hakuona kosa. Programu ilikuwa na mistari zaidi ya 900. Kijana akaanza kukata: mizani ikaondoka, skrini ikaondoka, tarehe, majina ya vyombo. Usiku wa pili ilibaki mistari 11 na kosa likiwamo bado, likitokea kila mara.

Tulituma. Jibu la kwanza lilikuwa fupi, la mtu aliyethibitisha kwamba ameliona kosa kwenye mashine yake. Matengenezo yalikuja baadaye, na yalipoingia yaliambatana na jaribio jipya, ili kosa lile likirudi siku moja ligundulike kabla ya kumfikia mtu. Aliyelirekebisha aliichukua mistari ile 11 kama ilivyo, na huendeshwa kila badiliko linapoletwa. Orodha ya uzito iliyomo ndani yake ina namba 27, na jina lake, kama kijana alivyoliandika kwa ajili ya samaki wa siku ile, ni *changu*.